Mgonjwa wa kusini si kichwa cha mwendawazimu

Kwa wiki kadhaa sasa, katika makundi ya simu ya watu wa Mtwara na Lindi, imekuwa ikizunguka video fupi inayowaonyesha madaktari waliovaa mavazi ya chumba cha upasuaji wakiwa wamekiinamia kichwa cha kondoo kilicholazwa kwenye sinia, mmoja wao akiingiza kamera nyembamba katika tundu la pua la mnyama huyo na wenzake wakitazama kwenye runinga. Haielezwi ilipigwa wapi, na lugha inayosikika ndani yake si Kiswahili. Kilichowasha mjadala ni maneno yaliyoandikwa chini yake, kwamba hivi ndivyo madaktari wa pua wanavyofundishwa siku hizi, na kwamba atakayekwenda kupasuliwa ajue atashikwa kama mbuzi wa machinjioni. Wapo waliokasirika kwa ajili ya kondoo, wapo waliokasirika kwa ajili ya mgonjwa, na wapo waliosema kwamba chakula cha watu kinachezewa.

Nimeusoma mjadala huo kwa makini na naona hasira imekwenda pasipo pake. Kichwa cha mnyama aliyekwisha kuchinjwa kwa ajili ya nyama ni mahali panapofaa sana daktari kufanyia makosa yake ya kwanza, na anayestahili kutuogopesha ni yule anayefika kwenye pua ya mgonjwa bila kupitia kichwa hicho wala kitu kingine chochote kinachofanana nacho. Hata hivyo kichwa cha kondoo kina mipaka mikubwa, na anayekitetea bila kuitaja mipaka hiyo anawadanganya wagonjwa sawa na yule anayewatisha.

Upasuaji unaozungumzwa hapa ni ule wa kupitia tundu za pua kwa endoskopi, yaani fimbo nyembamba ya chuma yenye lenzi ndani na mwanga kwenye ncha, ambayo kwa kawaida ina unene wa milimita 4 na urefu wa sentimita 18. Zamani daktari aliyetaka kuyafikia mapango ya hewa yaliyomo ndani ya mifupa ya uso, ambayo wengi wetu tunayaita sainasi, alipasua ufizi chini ya mdomo wa juu na kutoboa mfupa wa shavu, au aliingia puani kwa mwanga wa taa ya kichwani akaona kile kilichokuwa mbele tu. Walter Messerklinger wa Graz, Austria, alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi ute unavyosafirishwa ndani ya pua, akaonyesha kwamba maradhi mengi ya sainasi huanzia kwenye vijia vyembamba vinavyoyaunganisha mapango hayo na pua, na kwamba kijia kikifunguliwa, pango lenyewe mara nyingi hupona bila kukwanguliwa. Heinz Stammberger, aliyefanya kazi pamoja naye, na David Kennedy wa Marekani waliueneza utaratibu huo duniani kuanzia miaka ya 1980. Leo hutumika kuondoa nyama za pua zinazoziba pumzi, kutibu sainasi isiyosikia dawa, kuzuia muhina, yaani damu ya puani, usiokoma, kufungua njia ya machozi iliyoziba, na hata kuondoa uvimbe ulio chini ya ubongo.

Njia hii haiachi kovu usoni, na mgonjwa hurudi nyumbani mapema. Lakini inapita mahali pa hatari. Pua ni chumba chembamba ambacho kuta zake zinapakana na vitu visivyorudi vikipotea. Mfupa unaoitenga na jicho ni mwembamba kiasi kwamba wanaanatomia waliupa jina la Kilatini linalotokana na karatasi. Mfupa unaoitenga na ubongo, kwa juu, una sehemu zisizofika unene wa milimita 1. Nyuma kabisa, kandokando ya pango la mwisho, hupita mshipa wa fahamu wa jicho, na karibu nao ateri kuu inayopeleka damu kwenye ubongo. Kibano kikiteleza kwenda pembeni, damu inaweza kujaa nyuma ya jicho na kulipofusha ndani ya muda mfupi ikiwa msukumo wake hautaondolewa upesi. Kikiteleza kwenda juu, maji ya ubongo huvujia puani na vijidudu vya homa ya uti wa mgongo hupata mlango. Ajali kubwa za namna hii ni chache katika mikono iliyofunzwa vizuri, na uchache huo hauji wenyewe: unatengenezwa na mafunzo.

Kuna ugumu mwingine ambao asiyewahi kuishika endoskopi huwa haufikirii. Daktari anayepasua tumbo huiona mikono yake mwenyewe, lakini wa pua hutazama runinga, mkono mmoja ukishika kamera na mwingine ukishika kibano, na vyote viwili vikipita katika tundu lile lile moja. Picha iliyo mbele yake ni bapa, haina kina, kwa hiyo umbali lazima aukisie. Akibadilisha lenzi akachukua ile ya nyuzi 30, anachokiona hakiko tena mbele ya fimbo bali kimekaa upande, na mwanagenzi anayesukuma kukielekea anachokiona hugonga asichokiona. Tone moja la damu kwenye lenzi huiweka giza runinga nzima. Mambo haya hayamo vitabuni kwa namna ambayo mkono unaweza kuyasoma. Mkono huyajua kwa kuyarudia, na wakati wa kuyarudia mara ya kwanza, ya tano na ya kumi, utakosea.

Ndipo linapokuja swali ambalo video ile ilipaswa kutufanya tuliulize: makosa hayo yafanyikie wapi? Rais wa awamu ya pili, Mzee Ali Hassan Mwinyi, alipoifananisha timu yetu ya taifa ya soka na kichwa cha mwendawazimu, kila Mtanzania alimwelewa, kwa kuwa sote tunajua kwamba anayejifunza kunyoa humtafuta asiyeweza kulalamika. Katika tiba, asiyeweza kulalamika mara nyingi ni mgonjwa maskini aliyetoka mbali. Shangazi yangu, mkulima wa korosho wa Newala, alipasuliwa pua miaka mingi iliyopita katika hospitali ambayo sitaitaja, akarudi nyumbani jicho lake la kushoto likiwa limevimba na kuwa jeusi kama zambarau. Jicho lilipona baada ya wiki kadhaa, na tunamshukuru Mungu, lakini hakuna aliyemweleza kilichotokea. Aliniuliza kama yule kijana alikuwa ndiyo kwanza anajifunza, nami sikuwa na jibu. Simlaumu kijana yule. Aliyestahili kuulizwa ni yule aliyemkabidhi kibano kabla hajakizoea mahali ambapo pembeni yake hapakuwa na jicho la mtu.

Madaktari wa Uingereza walianza kuandika juu ya matumizi ya kichwa cha kondoo katika mafunzo haya miaka ya 1990, na tangu hapo kimetumika katika nchi nyingi, wakati mwingine cha mbuzi kikishika nafasi yake. Hakuna aliyedai kwamba pua ya kondoo ni sawa na yetu. Kilichowavuta ni ukubwa wake, bei yake, urahisi wa kukipata, na zaidi ya yote jinsi nyama yake inavyojibu mkono: utando laini ulioshikamana na mfupa mwembamba, gegedu katikati, vyote vikichanika kama vyetu vikivutwa vibaya na kuachia kama vyetu vikishikwa kwa adabu. Mpira na plastiki havina tabia hiyo. Kichwa huchukuliwa machinjioni asubuhi, au hugandishwa na kuyeyushwa usiku wa kuamkia somo. Kwa kuwa pua ya mnyama huyu ni ndefu, sentimita kadhaa za mbele hukatwa ili vifaa vifike nyuma, kisha husafishwa kwa maji mengi. Anayefanya kazi hii asishtuke akikuta funza wanene ndani, maana kuna nzi anayeweka funza wake puani mwa kondoo na mbuzi, nao hupanda na kukulia katika mapango ya kipaji cha uso. Wafugaji huwaona wanyama wao wakipiga chafya na kutikisa vichwa. Naona kumtoa funza mmoja mmoja kwa kibano, macho yakiwa kwenye runinga, ni zoezi la kwanza zuri kuliko mengi yaliyobuniwa na wakufunzi, kwa sababu ndiyo kazi ile ile ya kumtoa mtoto punje ya mahindi puani.

Kutoka hapo mazoezi hupanda ngazi. Mwanagenzi hufundishwa kuingia na kutoka bila kugusa kuta, kisha kutambua alama, kisha kupunguza vile vifupa vilivyojikunja ambavyo huvimba kwa watu wenye mafua ya mzio, kisha kufungua pango la shavu, kisha kuinua utando kutoka kwenye gegedu la ukuta wa kati bila kuutoboa, jambo ambalo wengi hushindwa mara za kwanza. Aliyekomaa huondoa mfupa unaoitenga pua na jicho mpaka mafuta ya jicho yaonekane. Katika upasuaji wa kweli kuna kipimo rahisi ambacho kila daktari wa pua hukijua: msaidizi hubonyeza jicho la mgonjwa taratibu kutoka nje, na daktari hutazama runinga, kitu kikitikisika ndani ya pua, ukuta umeshatobolewa na kibano hakipaswi kusogea tena. Kipimo hicho kinafanyika kwenye kichwa cha kondoo vilevile, na mtu aliyekwisha kuyaona mafuta yale ya manjano yakitikisika kwa mara ya kwanza juu ya sinia, huku mkufunzi akimwambia kwamba kama huyu angekuwa mtu basi tungekuwa tumeshasimamisha kazi, huyatambua siku atakapoyaona kwa mgonjwa aliyelala kwa nusu kaputi. Asiyewahi kuyaona huyadhania kuwa nyama za pua, akayashika na kuyavuta. Makosa mengi ya kulijeruhi jicho huanza na udhani huo.

Sasa nizipime hoja zilizotolewa. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo iliyosambaa kuliko zote, kwamba aliyejifunza kwa kondoo atamtendea mtu kama kondoo. Inachanganya kifaa cha kujifunzia na yule anayehudumiwa baada ya kujifunza. Hapa kwetu fundi wa Kimakonde hampi mwanagenzi gogo la mpingo siku ya kwanza. Humpa kipande cha mti laini, akikiharibu akitupe, achukue kingine. Hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa sababu hiyo mwanagenzi ataudharau mpingo. Anaanzishwa na mti laini kwa sababu mpingo una thamani. Wanafunzi wa uuguzi hujifunza kushona jeraha na kuchoma sindano kwenye vitu visivyo na uhai, na mama zetu wanaojifungulia katika vituo vya afya wanahudumiwa na wakunga waliozoea kwanza midoli ya plastiki, bila mtu yeyote kulalamika kwamba mtoto wake amezalishwa kama mdoli.

Hoja ya israfu ina uzito zaidi, na katika miji ya pwani hii ambako kichwa cha mbuzi ni supu ya asubuhi, siwezi kuipuuza. Kichwa kilichofanyiwa mazoezi hakiliwi tena. Ni lazima kizikwe au kichomwe. Chakula kinapotea, na katika dini zetu kupoteza chakula bila sababu ni kosa. Neno lenye uzito hapo ni sababu. Kichwa kimoja kinatosha kwa pande mbili za pua, kwa hiyo kwa wanagenzi wawili, na bei yake haifikii nauli ya basi ya mgonjwa mmoja kwenda Dar es Salaam. Naamini hata mwenye njaa akielezwa kwamba kichwa hicho kinakinga macho ya watu, hataona kwamba kimetupwa. Hoja hii pia inatusaidia kuchagua mnyama. Nguruwe hutumika sana katika mafunzo ya upasuaji wa aina nyingine ng'ambo, lakini hapa, ambako madaktari wengi, wahudumu wengi wa usafi na wagonjwa wengi zaidi ni Waislamu, kumleta nguruwe katika chumba cha mafunzo kungekuwa ni kuwafukuza watu tunaotaka wajifunze, wakati kondoo na mbuzi wapo na wanafaa.

Wanaotetea wanyama nao nawajibu kwa kutenganisha mambo mawili ambayo video ile iliyachanganya. Mnyama aliyekwisha kuchinjwa kwa ajili ya nyama haongezewi maumivu yoyote na mazoezi haya, na hakuna hata mmoja anayechinjwa kwa sababu yake. Kumtumia mnyama aliye hai ni jambo jingine kabisa, na linafanyika mahali fulani duniani. Huko Adelaide, Australia, kundi la Profesa Peter-John Wormald lilitengeneza mafunzo ambayo kondoo aliyelazwa kwa dawa ya usingizi hutobolewa ateri kuu ya shingo, ili madaktari wajifunze kuzuia damu inayofoka kwa nguvu hadi runinga nzima ikawa nyekundu. Kutokana na kazi hiyo walionyesha kwamba kipande cha msuli kilichopondwapondwa na kukandamizwa juu ya tundu huweza kusimamisha damu hiyo, na maarifa hayo yamewafikia wapasuaji wengi wa pua na ubongo. Sitasema kwamba walikosea. Lakini mafunzo hayo ni ya mabingwa wanaoondoa uvimbe chini ya ubongo, yanahitaji mtaalamu wa usingizi wa wanyama, chumba maalumu na kibali, na sisi tulio kwenye hatua za mwanzo hatuna sababu ya kuyaiga. Mwaka 1959 wanasayansi wawili wa Uingereza, William Russell na Rex Burch, waliandika kanuni tatu ambazo hadi leo ndizo zinazofuatwa: mnyama aliye hai abadilishwe kwa kitu kingine kila inapowezekana, idadi ipunguzwe, na maumivu yapunguzwe. Sisi wenyewe tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kichwa cha machinjioni kinaitimiza kanuni ya kwanza kwa ukamilifu, na anayempenda mnyama kwa dhati angekuwa wa kwanza kukiunga mkono.

Hoja iliyobaki ndiyo nzito kuliko zote, na haikutolewa na yeyote katika makundi ya simu. Hutolewa na madaktari wenyewe. Kondoo si mtu. Vifupa vyake vya puani vimejikunja kwa wingi kuliko vyetu na vimejaza nafasi kubwa zaidi. Ukuta unaoigawa pua yake haufiki sakafuni kwa nyuma kama wetu. Kwa mbuzi mwenye pembe, pango la kipaji huendelea mpaka ndani ya pembe. Na lile pango la mwisho, ambalo kwa binadamu linapakana na mshipa wa jicho na ateri ya ubongo, kwa kondoo na mbuzi halipo kwa namna tuliyonayo sisi. Maana yake ni kwamba mahali penye hatari kubwa kuliko pote ndipo mahali ambapo kichwa cha kondoo hakina la kufundisha. Juu ya hayo, kichwa kilichokatwa hakitoi damu, na damu ndiyo adui wa kila siku wa daktari wa pua. Mtu anaweza kuwa hodari juu ya sinia, akajiona amefika, kisha akapotea ndani ya pua ya mgonjwa ambayo kila alama imelowa na kugeuka nyekundu. Ujasiri usio na msingi ni hatari kuliko woga, na hili nalikubali bila masharti.

Ninachokataa ni hitimisho ambalo baadhi yao hulitoa, kwamba kwa kuwa kichwa cha kondoo hakifundishi kila kitu basi tusubiri kitakachofundisha. Maiti ya binadamu ndiyo mwalimu bora wa anatomia, na hakuna anayebisha. Lakini miili iliyotolewa kwa ajili ya elimu ni michache, vyumba vya anatomia vya vyuo vikuu vya tiba viko katika miji ya mbali kama Dar es Salaam, Moshi, Mwanza, Dodoma na Mbeya, na mwili uliohifadhiwa kwa dawa hukakamaa mpaka utando wa pua ukawa kama ngozi ya ngoma, ukapoteza ule ulaini unaofunza mkono. Mashine za kompyuta zinazoiga upasuaji zipo, na vichwa vinavyochapwa kwa plastiki kutokana na picha za CT (eksirei za kompyuta) za wagonjwa wa kweli vinazidi kuwa bora. Navyo vinafaa sana kufundisha ramani ya pua ya binadamu. Tatizo ni kwamba vinahitaji fedha, umeme usiokatika na fundi wa kuvitengeneza, na hospitali inayovisubiri haitasimamisha upasuaji wakati ikisubiri. Itaendelea kupasua, na wanagenzi wataendelea kujifunza kwa kile kilichopo mezani, ambacho ni mgonjwa. Hivyo kila nyenzo ipewe kazi yake: kondoo afundishe mikono, picha za CT na maiti vifundishe ramani, na mgonjwa afikiwe mwishoni, mkufunzi akiwa amesimama bega kwa bega na mwanagenzi na tayari kukichukua kibano.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na tuliokuwapo Mei 2024 tunakumbuka jinsi mvua za Kimbunga Hidaya zilivyoikata barabara huko Kilwa na kuwaacha wasafiri, wakiwamo wagonjwa wa rufaa, wakisubiri kando ya maji. Kuwapo kwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo kumepunguza safari hizo kwa magonjwa mengi, na kambi za madaktari bingwa zinazozunguka katika halmashauri zimewafikia watu ambao hawangefika popote. Lakini kambi huondoka baada ya siku chache, na mgonjwa anayevuja damu puani baada ya upasuaji hubaki na tabibu wa Nachingwea au wa Tandahimba. Ujuzi unaobaki ndio unaotupasa kuujenga, na kwa hili kichwa cha mbuzi kina faida ambayo waliopiga video ile pengine hawakuifikiria. Kwa miaka mingi kusini palikuwa na mifugo michache kwa sababu ya mbung'o. Tangu wafugaji waliohamishwa kutoka bonde la Usangu walipoingia mkoani Lindi, mbuzi na kondoo wameongezeka katika minada na machinjio. Malighafi ya mafunzo haya ipo umbali wa kutembea kwa miguu.

Mafunzo haya nayo hayawahusu mabingwa peke yao. Wengi wa wenye shida za pua hapa hawatahitaji endoskopi kamwe. Ni watoto waliojitia punje au shanga puani, ni wazee wenye shinikizo la damu wanaotokwa na muhina usiku, ni wapuliziaji wa salfa mashambani ambao msimu wa mikorosho huwaachia pua zinazowasha na kuziba. Wanaowapokea ni matabibu na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, na wengi wao hawajawahi kufundishwa kwa vitendo kuingiza kitambaa cha kuzuia damu. Kosa la kawaida ni kukisukuma kuelekea juu, kwa kufuata umbo la nje la pua, wakati sakafu ya pua inakwenda nyuma moja kwa moja kuelekea koo. Mkufunzi akiwa na vichwa vinne vya mbuzi, taa, vibano na chachi, kwa asubuhi moja anaweza kuwaonyesha matabibu wanane, kisha kuvipasua vichwa hivyo katikati kwa msumeno ili kila mmoja aone kitambaa chake kimeishia wapi. Sijui njia nyingine ya bei hiyo inayomwonyesha mtu kosa lake waziwazi namna hiyo. Hospitali za Ligula, Sokoine, Ndanda na Nyangao zote zina uwezo wa kuandaa asubuhi kama hiyo.

Yapo masharti, na hapa sitakubali kulegeza. Kichwa kitoke kwa mnyama aliyekaguliwa na afisa mifugo, kwa kuwa kimeta na ugonjwa wa kutupa mimba huwapata watu pia, na mwanagenzi avae glavu, barakoa na miwani kama aliye kwenye upasuaji wa kweli. Vifaa vilivyoingia katika kichwa cha mnyama visirudi kamwe kwenye chumba cha wagonjwa, hata vikichemshwa, kwa sababu yapo maradhi ya ubongo ya kondoo ambayo viini vyake haviuawi kwa njia za kawaida za kutakasa vyombo. Ziwekwe seti za zamani zilizotengwa na kutiwa alama. Mabaki yaende kwenye kichomea taka cha hospitali siku hiyo hiyo, yasionekane jalalani na kuzua uvumi mwingine. Mkufunzi awe mtu anayeufanya upasuaji huo mwenyewe mara kwa mara. Na kila mwanagenzi awe na daftari linaloonyesha alichofanya juu ya sinia, alichokiona kwa mgonjwa akiwa msaidizi, na alichokifanya kwa mkono wake chini ya usimamizi, saini ya mkufunzi ikiwa pembeni ya kila mstari.

Daftari hilo lisifungiwe kabatini. Kabla ya upasuaji mgonjwa hutia saini fomu ya ridhaa, na kwa wengi wa watu wetu ni dole gumba, kwenye karatasi ambayo hawakuisoma. Naomba uongozi wa hospitali zetu uongeze kwenye fomu hiyo mistari miwili, isomwe kwa sauti kwa Kiswahili mbele ya ndugu wa mgonjwa: jina la atakayekishika kibano, na idadi ya mara alizokwisha kuifanya kazi hiyo huku akisimamiwa. Shangazi yangu hangekataa kupasuliwa na kijana anayejifunza. Aliniambia hivyo mwenyewe. Alitaka aambiwe kabla.